Watu Ndani ya Mashine ya Mama Emerance

"Ninakuuliza mbele ya watu, Rodrigue: ufunguo iko wapi?"

"Mama Emerance, nikuambie mara ngapi? Ufunguo sina!"

"Fundi amejenga nyumba, ameweka kufuli, alafu eti ufunguo hana. Sasa nani iko nayo? Shetani?"

"Mashine yenyewe njo ilijitengenezea!"

Mashine yenyewe! Jirani yao Régine, aliyekuwa ameegemea ugo tangu neno la kwanza, ufagio mkononi na hafagii kitu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Rodrigue, na weye! Hata mwizi wa kuku anatafutaka uongo ya kueleweka."

Ugomvi wenyewe ulihusu kompyuta, na ufunguo huo ulikuwa neno la siri la kuifungulia. Emerance alikuwa muuguzi, na mbele ya lupango lake, yaani kiwanja chake, pale Bunia alikuwa amefungua duka la dawa. Watu walimjia yeye, wakapita maduka mengine yenye rangi na vioo, kwa sababu moja: mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ukinunua dawa ya aibu kwake, aibu yako inalala palepale. Siku watu watakaposema "Emerance amesema", itabidi afunge mlango na kwenda kulima Aveba kwa wazazi wake.

Juzi Rodrigue, fundi wa kompyuta wa nyumba ya nyuma, alimwekea programu ya kuhifadhi majina ya wagonjwa na dawa zao. Leo asubuhi Emerance ameiwasha aandike mgonjwa wake wa kwanza, akakuta ndani mmejaa watu. Watu! Majina, magonjwa, dawa. Yeye hajaandika hata herufi moja.

Kama mimi ninaona wagonjwa wa wengine, alijiambia, basi na wengine wataona wangu.

Lakini si hilo lililomchoma kuliko yote. Katikati ya majina yale alikuwa ameona moja analolijua. Régine. Huyuhuyu wa ufagio. Aru, mwaka jana, dawa ya kifua kikuu, na mwishoni: amepona. Mwaka jana, wakati Régine alipouaga mtaa mzima kwamba anakwenda Aru kwenye harusi ya binamu yake, akakaa huko hata watu wakauliza ni harusi gani hiyo isiyoisha.

Kwa hiyo Emerance alikuwa anagomba huku amelificha jambo moja. Aseme nini, na mwenyewe yuko pale kwenye ugo anacheka? Na huyu Rodrigue, anayekaa siku nzima na simu mbili na vidude mfukoni, ameyatoa wapi majina haya? Anayapeleka kwa nani?

Kilichomtia shaka zaidi ni namna kazi ilivyofanyika. Pale dispensaire, zahanati alipofanya kazi zamani, fundi alikaa naye. Kwanza alijenga hifadhidata, base kama wanavyosema wenyewe, yaani stoo ambamo programu inaweka vitu vyake. Alimuuliza stoo iitwe jina gani, nani aingie, kisha akamwachia aandike neno la siri mwenyewe huku yeye amegeukia ukuta. Ilikuwa kama desturi ya mtaa wao: fundi akimaliza nyumba, anakabidhi funguo mlangoni, majirani wakiona, halafu wote wanakula. Nyumba ambayo funguo zake hazikukabidhiwa hivyo, watu hawalali mule. Rodrigue yeye alibonyeza mara moja, akatoka nje kunywa chai.

"Ingia," Emerance alimwambia sasa. "Simu zako na ile clé USB ya kubebea mafaili, peleka kwa Régine ashike."

"Mama, unanifanya mwizi?"

"Bado. Peleka."

Régine alivipokea juu ya ugo kwa furaha kama mtu aliyepewa mtoto wa kubatizwa. "Nitachunga, mupenzi. Hakuna kitu itatoka mikononi mwangu." Akauzunguka ugo, akajipanga kwenye dirisha.

Ndani, Emerance alivua kitenge chake cha pili akafunika nacho kioo cha mashine, akaacha upande wa tarehe tu.

"Soma hapo. Ukigusa kitambaa nitakuvunja vidole."

Rodrigue alichomoa modem ya intaneti kwanza. Majina yakabaki palepale chini ya kitenge. Basi hayakuwa yanatoka mbali, yalikuwa yamelala ndani. Kisha akainamia tarehe, na Emerance aliuchunguza uso wake kama anavyochunguza kidonda.

"Hizi tarehe ni za mwaka jana," Rodrigue alisema. "Hii mashine ilitoka wapi?"

"Kwa mufanyabiashara moja anayeletaka vitu vya kutumika." Emerance alishusha sauti, isifike dirishani. "Alisema ni ya Aru."

Rodrigue akajipiga paji la uso. "Hawakufagia! Waliokuwa nayo walitumia programu hii hii kwa wagonjwa wao, wakaiuzisha bila kufuta. Mama, sikia. Zamani programu hii ilikuwa inauliza kila kitu, na ulikuwa unajenga base kwa mkono. Siku hizi imefundishwa kujifanyia yenyewe: inajenga base, inatengeneza ufunguo, inaficha ndani. Njo maana nilisema sina. Lakini ikikuta base ya zamani yenye jina lile lile, haijengi ingine. Inaokota ufunguo wa zamani, inaingia mule, inakaa."

"Na weye ulikuwa wapi, usione imeingia nyumba ya watu?"

"Nilibonyeza, nikatoka. Niliharakisha, niliogopa courant ya umeme ikatike katikati. Na chai ulinipa weye mwenyewe!"

Hadithi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, na Emerance hakuwa na imani na hadithi zinazokaa sawa haraka hivyo.

"Futa. Alafu jenga kwa mkono, mbele yangu."

Aliinua kitenge kidogo tu wakati wa kufuta, kwa upande wake, akaliangalia jina la Régine mpaka kioo kikawa cheupe. Rodrigue alijenga stoo mpya polepole, akieleza kila neno. Ulipofika wakati wa neno la siri, aligeukia ukuta bila kuambiwa.

"Na weye Régine, geuka."

"Mimi? Nitaona nini, macho imekwisha!" alisema mwanamke ambaye kutoka barabarani aliweza kukuambia nani amenunua samaki gani.

Aligeuka. Emerance aliandika, akafunga, akafungua. Ndani hamkuwa na mtu.

"Basi ufunguo umekabidhiwa, na mimi ni shahidi," Régine alisema, akirudisha simu na ile clé dirishani. "Sasa tuambieni. Hao watu walikuwa nani? Jina moja tu, nisilale na njaa."

"Watu ya mbali," Emerance alisema.

"Ya Aru," Rodrigue aliongeza.

Ufagio wa Régine ulianguka. Hakuuokota. Emerance alimtazama Rodrigue: amesoma, au amerudia tu aliloambiwa kuhusu mashine? Uso wake ulikuwa wa mtu anayekunja waya. Hatajua kamwe.

"Aru ni kubwa," Régine alisema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyewahi kumsikia na sauti hiyo. "Haya. Niende, nimeacha moto."

Hapo Emerance alikumbuka sahani zote ambazo Régine alikuwa amezikataa. Tangu aliporudi kutoka kwenye harusi ile, Régine, mpenda nyumba za watu, hakuwa amekula kwa mtu yeyote. Ukimkaribisha, ameshiba. Wengine mtaani walisema anaogopa sumu, na Emerance naye alikuwa amekasirika kimoyomoyo: anadhani nitamuwekea nini? Kumbe alikuwa anawaogopea wao, asije akawaambukiza.

Alitoa sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, bugali na samaki wa Kasenyi, akaviweka vyote kwenye sinia moja, karibu na dirisha.

"Fundi amekabidhi, fundi anakula, na shahidi anakula," alisema. "Rodrigue, nawa mikono."

"Mimi nimeshiba, mupenzi," Régine alianza.

"Uliisha kupona njaa tangu lini?" Emerance alisema, na alilikazia lile neno kupona kidogo tu, kiasi cha kusikiwa na mtu mmoja. "Sinia ni moja. Zunguka mlangoni, Régine, ingia tukule."