Kiapo cha Mdomo wa Chini

Mume wangu Bakary aliacha ugoro siku ya Jumatano baada ya swala ya alasiri, na katika kuuacha huo ugoro alikaribia kuniacha na mimi. Habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu wanaume wa Nangurukuru wameshaisimulia vya kutosha, na kwenye masimulizi yao mimi sisemi hata neno. Nilisema. Tena nilisema mengi.

Bakary ni mkata tiketi. Kibanda chake kipo njia panda, pale magari yanapogawana: haya ya Dar, haya ya Lindi, haya ya kuingia bara kwenda Likawage na Liwale. Kazi hiyo inataka macho na mdomo. Macho anayo. Mdomo, kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu, ulikuwa nyumba ya ugoro. Akiamka anabwia kabla hajanisalimia, anaubana kwenye mdomo wa chini, mdomo unavimba kama umeumwa na nyigu, na tangu hapo kila neno lake linatoka limelowa. "Baba Nusaiba, tema kwanza ndiyo useme." Nadhani hakuna maneno niliyomwambia mara nyingi kuliko hayo. Kopo lake la kutemea lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chetu tangu wiki ya harusi. Wenzangu waliletewa kanga, mimi nililetewa kopo.

Mambo yaliharibika siku aliyopita Mzee Klementi, mkulima wa Kipatimu, na gunia lake la machungwa. Alikuwa anakwenda Lindi kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Akaonyesha gari moja akauliza, "Mwanangu, la Lindi ndiyo hilo?" Bakary akajibu, "Siyo hilo." Ile "siyo" ikazama kwenye ugoro, ikatoka "hilo" peke yake. Mzee wa watu akashukuru, akapanda, akalala usingizi. Kuja kuamka yupo Likawage, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuna mtu anayemjua. Alikaa huko siku mbili akisubiri gari la kurudi, na mjukuu akabatizwa babu hayupo.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mwenye magari, naye akamwita Bakary na kumpa mwezi mmoja achague: ugoro au kibanda.

Ndipo tukaenda zahanati, mimi na yeye. Muuguzi Antonia, binti mpole lakini asiyecheka na mtu kazini, aliuvuta mdomo wa chini wa mume wangu kwa kidole, akamulika kwa tochi, akaniita nitazame. Ndani yake mlikuwa na doa jeupe, pana kama ukucha wa dole gumba.

"Halijawa baya," alisema. "Lakini baba, ukiendelea kulilisha, litakuwa."

Kisha akamweleza kuwa njia za kuacha ziko mbili. Ya kwanza ni kukata siku moja, basi, usirudi nyuma. Ya pili ni jojo ya dawa, inauzwa duka la dawa Lindi. "Kinachokushika si majani, ni ulevi uliomo ndani ya majani, unaitwa nikotini. Jojo inakupa ulevi huo kidogo kidogo bila tumbaku yenyewe. Unapunguza taratibu, wiki kumi na mbili unamaliza. Kwa mtu wa miaka mingi kama wewe, mimi ningekushauri jojo."

Bakary alitema nje ya dirisha, akajifuta. "Jojo wanatafuna watoto," alisema. "Mimi mtu wa mabasi. Nikiondoka naondoka moja kwa moja, sisimami vituo."

Antonia akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Jumatano hiyohiyo, baada ya alasiri, alisimama barazani nje ya msikiti, mbele ya wanaume wote, akainua kikopo chake cha ugoro juu, akaapa: "Wallahi, nikibwia ugoro tena, mke wangu Mwahija kaachika talaka tatu!"

Wanaume wakasema mashaallah, huyu ndiye mwanamume. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nachambua mchele. Niliambiwa bombani na mwanamke mwenzangu, aliyeanza kwa kunipa pole. Ndoa yangu ilikuwa imetiwa chini ya mdomo wa mtu, mahali penye doa, na mimi mwenye ndoa ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Na talaka tatu si mchezo: zikishuka, hakuna kurejeana mpaka kwanza niolewe na mwingine. Nilirudi nyumbani na ndoo mbili, nikazitua, nikagundua nimeusahau mfuniko wa ndoo kule bombani, na kilio changu pia. Nilikuwa na hasira tu.

"Uliniuliza?" nilimwambia.

"Mama Nusaiba, hiki ni kiapo cha kunipa nguvu."

"Nguvu zako, mbona zinatoka kwangu?"

Akalamba mdomo wa chini. Alikuwa na kiu ya ugoro.

Hilo basi lake la moja kwa moja lilianza kuwaka moto siku ya pili. Alibwia majani ya chai. Akabwia karafuu. Akabwia unga wa mkaa, akanitabasamia, nikadhani nimeolewa na jiko. Siku ya tatu kandambili yake ilikatika gidamu, akakaa kitako uani akalia, mwanamume mwenye mvi, analilia kandambili. Kibandani alikata kiti kimoja kwa abiria watatu, kisha akawagombeza wote watatu kwa kukaa vibaya. Siku ya tano alisimama nyuma ya mlango akilinusa lile kopo tupu. Nilimhurumia, nakiri. Lakini huruma ikinijia nakumbuka kwamba anachokinusa pale ni karatasi yangu ya talaka.

Na kulikuwa na Sadick. Sadick ndiye muuza ugoro wa sokoni, anautwanga mwenyewe na magadi yake, na amefiwa na mkewe mwaka wa pili sasa. Miaka yote aliniita "shemeji". Tangu kile kiapo akaanza kuniita "Mwahija", tena kwa kuivuta, kama mtu anayejaribu kiatu. Na kila asubuhi akaanza kumpelekea Bakary kibandani kifurushi kidogo cha ugoro, bure, cha urafiki. Bakary alikuwa anavirudisha. Akaja kuniambia machozi yakimlengalenga jinsi Sadick alivyo mtu mwema.

"Mwema sana," nilisema. "Ukibwia, anampata mteja wake. Na ukibwia mimi nimeachika, anampata na mke wako. Mvuvi gani ana nyavu mbili namna hiyo?"

Nikaona huyu hafiki wiki ya pili. Nikapanda gari kwenda Lindi, na gari lilikuwa lenyewe, maana tiketi nilikata kwa mtu mwingine. Dukani nikanunua jojo ya dawa, nikarudi nayo jioni, nikaiweka mbele yake.

"Tafuna."

"Sisimami vituo."

"Wewe umesimama tangu juzi, injini ndiyo imekufa. Tafuna."

Akatafuna. Nilimwona akitulia polepole, mabega yakashuka. Siku hiyo alinisalimia. Kesho yake akaenda kibandani akakata tiketi vizuri, na abiria wa Lindi wakafika Lindi.

Siku ya tatu ya jojo Sadick akaliokota lile boksi lake kwenye meza ya kibanda, akalisoma. Sijui alijifunza wapi kusoma dawa. Jioni yake baraza lote la msikiti lilikuwa limeshajua: ndani ya jojo mna nikotini, nikotini ndiyo tumbaku, na mwenye kutafuna tumbaku ameshabwia. Kwa hiyo mke wa Bakary, wakasema wakihesabu kwa vidole, ameachika tangu juzi.

Wakaja nyumbani kwangu kuthibitisha, na Maalimu Idd mbele yao, kwani yeye ndiye anayefundisha dini hapa kwetu na neno lake linasikilizwa. Wanaume walikaa kibarazani. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na mkononi nina chano cha kahawa ambacho sikukitoa. Kahawa ya kuachika kwangu mimi simpi mtu.

Maalimu alimuuliza Bakary maneno ya kiapo, neno kwa neno. Wakabishana. Mmoja kasikia "ugoro", mwingine kasikia "tumbaku", Sadick alisikia "chochote cha jamii hiyo". Mwishowe wakakubaliana wote isipokuwa Sadick: alisema "ugoro", na ugoro alikuwa ameunyanyua mkononi.

Maalimu Idd akafikiri. Ni mtu asiye na haraka. "Mtu ameapa kutokula pweza," alisema. "Kesho akatia chumvi kwenye ugali. Pweza katoka baharini, chumvi imetoka baharini. Je, amekula pweza?"

"Hapana, Maalimu."

"Basi jojo si ugoro. Kiapo hakijavunjika. Mke wake ni mke wake."

Kukawa na shangwe pale nje. Wakampa Bakary mkono, wakamwambia hongera, umepona, kama mtu aliyeonyeshwa mbuzi wake alikofungwa. Sadick peke yake alikumbuka ghafla kwamba ana mzigo wa kupokea stendi.

Hakuna aliyegeuka kutazama pazia.

Nikalifunua. "Maalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama Nusaiba. Alhamdulillahi, jambo limekwisha."

"Lao limekwisha. Mimi nina swali kwa mume wangu, naomba alijibu mbele yako." Nikamgeukia. "Baba Nusaiba, wewe una pikipiki. Unaiosha kila Ijumaa, unaifunika turubai usiku. Ungeweza kuapa kwamba ukibwia ugoro, pikipiki inakuwa sadaka ya msikiti. Kwa nini uliapa kwangu?"

Akasema kitu. Jojo ilikuwa mdomoni, sikusikia.

"Tema kwanza ndiyo useme."

Akaitema jojo kwenye kiganja. Bakary ana makosa mengi lakini kusema uongo hajui, hasa mbele ya Maalimu. Akafikiri, akajibu:

"Pikipiki ningeipoteza."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe alilisikia baada ya kulitoa, akafungua mdomo kulirudisha. "Maana yangu ni kwamba…"

"Maana yako nimeielewa. Leo umesema bila ugoro."

Niliumia, na sitaki kulipamba hilo. Miaka ishirini na miwili nilidhani yule mtu hasemi maneno mazuri kwa sababu mdomo umejaa. Kumbe mdomo ukiwa mtupu ndiyo yanatoka haya.

"Basi sikia," nilimwambia. "Antonia amesema jojo ni wiki kumi na mbili. Hiyo ni miezi mitatu, hiyo ni eda. Talaka tatu ulizonitishia mimi, mpe ugoro. Kaa naye eda yake, mtunze kwa jojo mpaka muda uishe, na uishe kweli. Mimi nitakuwa Kivinje kwa kaka yangu Yasini. Na pikipiki naondoka nayo."

Wakaguna. Maalimu akakohoa. "Mama Nusaiba, mali ya mume…"

"Sijaichukua, Maalimu. Naiweka mahali ambapo haiwezi kupotea."

Maalimu akaziinamia ndevu zake, na nadhani alikuwa anacheka humo ndani. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikatoa pikipiki uani, nikaipiga teke ikawaka. Bakary hakuwa akijua kama naweza kuiendesha. Nilikuwa najifunza asubuhi, siku alizokwenda kibandani kwa lifti.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja Kivinje, mara kwa gari, mara kwa miguu. Nilimsimamisha mlangoni, namwambia "Fungua mdomo," naushika mdomo wa chini namulika kwa simu. Doa likawa linapungua. Jojo zikapungua, nane kwa siku, tano, mbili. Abiria wakaacha kulalamika, na nasikia hata Mzee Klementi alipita kwenda Lindi, akafika, ijapokuwa alimuuliza dereva naye, na kondakta, na abiria wawili. Sadick siku hizi anauza jojo za watoto, anaapa nazo ni dawa.

Na mimi nilikuwa namkumbuka. Lisemwe na hilo. Nyumba ya Yasini haina mtu wa kumgombeza.

Wiki ya kumi na mbili ilipotimia niliamka alfajiri nikakunja nguo zangu zote, nikazifunga kwenye ile kanga. Nikajipaka wanja. Pikipiki nilikuwa nimeiegesha pale mlangoni, kushoto, na nilipotoka nilisimama kulia kwake.

Alikuja na kanzu nyeupe, ananukia udi. Sikumwambia afungue mdomo, aliufungua mwenyewe. Ulikuwa mtupu, mwekundu, mzima.

"Mwahija," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu anioe niliisikia ile "h". "Nimekukosea. Wewe si kitu cha kuapiwa. Nimekuja kukuchukua, turudi kwetu."

Moyo wangu ulilainika palepale. Nilishageuka nusu, niuendee mzigo wangu.

Macho yake yakaenda kushoto.

"Kioo hiki cha pembeni," akauliza, "kimevunjwa na nani?"

Kila neno lilitoka kavu, safi, halikuzama popote. Nikamwambia arudi Ijumaa ijayo, nikaingia ndani kukunjua nguo.