Nyasi kwenye Nyanya za Mumina

Mwaka wa 1982, zamu ya maji ya Mumina pale Kinna ilikuwa Jumatatu. Asubuhi hiyo alifungua mfereji kwa jembe, akaacha maji yafike kwenye nyanya, kisha akafunika udongo kwa nyasi kavu, unene wa kiganja, akibakiza nafasi kidogo kuzunguka kila shina ili lisioze. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Kananu, msichana Mmeru aliyekuwa afisa wa kilimo. Bila matandazo, jua la Kinna lilikunywa maji yote kabla zamu haijarudi, na kamati ya mradi wa umwagiliaji ilikwisha sema: shamba litakalokauka tena litapewa mtu mwingine. Mumina hakuwa na kingine. Zamani alikuwa na ng'ombe.

Wakati wa magharibi, ng'ombe hao walikuja. Ni wale waliopigwa risasi na askari kule Garbatulla wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, na Adi, yule mweupe mwenye pembe iliyopinda, ndiye aliyetangulia kama kawaida yake. Walikula matandazo yote kwa adabu, bila kugusa nyanya hata moja, wakaondoka. Hawakuacha kinyesi, jambo lililomuudhi Mumina, maana mbolea angeihitaji.

Hakuwafukuza. Mborana kama yeye, mfugaji wa asili, anaweza kumfukuza ng'ombe kwenye nyanya, lakini kwenye nyasi hathubutu, na aliyezitandika nyasi chini ya mboga ni yeye mwenyewe. Alikata nyingine. Zikaliwa. Majani ya nyanya yakaanza kujikunja.

Kananu alipopita, alichimba udongo kwa kidole, likatoka vumbi.

"Mama Huka," akamwita Mumina kwa jina la mwanawe, "si nilikuambia ufunike?"

"Nilifunika. Ng'ombe yangu ilikula."

"Ng'ombe gani? Wewe huna."

"Ile ilikufa Garbatulla."

Kananu alifikiri kidogo. "Hiyo haiwezi kula mawe," akasema. "Enda laga, lete changarawe. Mawe pia inashika maji."

Lisilo budi hutendwa. Mumina alishuka kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, akabeba changarawe kwa karai mpaka shingo ikamkaza. Chini ya mawe udongo ulibaki na unyevu hadi zamu iliyofuata, na nyanya zikanyooka. Lakini magharibi ng'ombe walikuja, wakanusa mawe, wakasimama tu. Adi alimtazama Mumina. Mumina akalia, kwa sababu siku ile ya risasi hakupata nafasi ya kulia. Kesho yake alikata nyasi, akazirundika kando ya mfereji, na tangu hapo kila mmoja alikula chake.

Nyanya zilipoiva, mwenyekiti wa kamati alimleta mkubwa mmoja kutoka Isiolo mjini aje kuona shamba hilo la mfano. Walikuwa bado wanasifu changarawe ng'ombe walipofika. Mkubwa alisogea kando, akampisha Adi.

"Mzee," Mumina alisema, "hii ndio ng'ombe askari walipiga risasi. Serikali itasema lini kwamba iliua?"

"Mimi hapa sioni ng'ombe, mama," mkubwa akajibu, huku akipangusa ute wa Adi kwenye mkono wa koti lake. "Lakini wewe ni mkulima hodari. Shamba hili halichukuliwi na mtu."

Alifungiwa nyanya kwenye kikapu, akashukuru, akaondoka. Mumina alichukua mundu wake, akaenda kukata nyasi za kesho.