Mahubiri Bila Mkalimani

Mume wangu hajawahi kuandika mahubiri hata siku moja, na mimi niliyedhani kuolewa na mchungaji ni kuolewa na msomi nimeshazoea. Anapanda mimbarini na Biblia na kitambaa cha jasho, basi. Anatoa sentensi moja, kisha mdogo wake, shemeji yangu fundi viatu, anaisema upya kwa lugha ya wazee. Shemeji anaposema, mume wangu anafumba macho kungoja sentensi inayofuata, na huwa anaipata. Wamehubiri hivyo tangu ujana wao, huyu akiinua huyu akishusha, kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja.

Kwa hiyo kamati ya kanisa ilipoamua kwamba mkalimani hahitajiki tena, hawakujua wanakata nini. Wao waliona saa tu. Wazee wasiojua lugha ya siku hizi tumewazika karibu wote, vijana wamejaa mpaka nje, na kila jambo kusemwa mara mbili kunawachosha. Sikatai, ni kweli. Mwenyekiti alikuja nyumbani kutueleza kwa upole, akanywa chai yangu, akaongeza kwamba Jumapili atakuja mgeni kutoka makao makuu kumsikiliza mchungaji. Wachungaji wanaoshindwa kwenda na wakati wanapumzishwa. Alilitamka hilo neno kwa sauti ya mtu anayesifia kitanda.

Mume wangu alimshukuru. Ni mtu wa kushukuru, ndilo tatizo lake. Lakini mwenyekiti alipoondoka aliniambia wazi kwamba akinyang'anywa mimbari hajui asubuhi ataamkia nini.

Wiki ile nilimgeuza mwanafunzi. Nilimpa karatasi, akasema karatasi haina roho. Nikamsimamisha jikoni ayahubirie masufuria huku nikimenya vitunguu, na kila baada ya sentensi alikoma akanitazama. Nikamwambia endelea, baba, mimi si mkalimani. Akasema anajua. Akatoa sentensi nyingine, akakoma. Machozi yalinitoka, na vitunguu vikanisitiri.

Shemeji naye alipita kutuona, akakaa bila kugusa chakula. Nilimuuliza kama hawezi hata kusimama karibu na mimbari. Akasema amekatazwa, na akileta ubishi mzigo utamwangukia kaka yake.

Jumapili ikafika. Mgeni alikaa mbele, kijana wa suti, mpole kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Shemeji alikaa nami benchi moja. Mume wangu akasoma habari za yule kiwete mlangoni pa hekalu, akafunga Biblia.

"Huyu kiwete alikuwa anawekwa pale mlangoni kila siku," akasema, akafumba macho.

Kimya. Midomo ya shemeji ilikuwa inacheza bila sauti. Mume wangu akafumbua macho, akatazama kushoto kwake, ambako hakukuwa na mtu.

"Na watu walikuwa wanampita, wanaingia kusali."

Kimya tena, kirefu zaidi. Mtu akakohoa. Nilimpiga shemeji kiwiko, nikamnong'oneza asimame, liwalo na liwe. Alishika benchi kwa mikono miwili na kutikisa kichwa. Nikataka kusimama mwenyewe, lakini ningesema nini? Lugha yao ile naisikia tu, kuisema siwezi. Nilikaa pale nikimtazama mume wangu akizama, na mimi sina hata kamba.

"Lakini siku ile," akasema, na yaliyobaki hayakuja.

Ndipo vijana walipompigia makofi. Si kwa dhihaka, naapa. Walimwonea huruma, kama anavyopigiwa makofi mtoto aliyesahau shairi mbele ya wageni. Makofi yakakolea, mpiga kinanda akadakia, kwaya ikasimama na kuimba. Mume wangu akajifuta jasho, akaketi.

Nikajua yamekwisha. Baada ya ibada nilimfuata mgeni mlangoni na maneno yangu tayari, ya kuomba na ya kutukana, nitumie yatakayofaa. Akaniwahi. Alikuwa amemshika mume wangu mikono yote miwili.

"Baba, hongera," alisema. "Mafupi, yametulia, watu wanaachiwa nafasi ya kufikiri. Hivi ndivyo tunavyotaka. Endelea hivyo hivyo."

Mwenyekiti akachekelea kana kwamba yeye ndiye aliyehubiri. Vijana wakapita mmoja mmoja kumpa mkono, wakamwambia leo amewabariki, na saa sita bado haijafika. Alimshukuru kila mmoja. Maneno yangu yote yakabaki kinywani, maana hapakuwa tena na wa kuombwa wala wa kutukanwa.

Tulirudi nyumbani watatu, mimbari tunayo. Nilipofungua mlango mume wangu hakuingia. Alisimama kizingitini, kitambaa bado mkononi.

"Mama," akaniambia, "mimi nilikuwa bado sijaanza."