Mshahara wa Mchora Ramani

Dorotea alikuwa akikwangua choo kwa wembe. Kilikuwa choo cha nne katika ramani ya nyumba ya mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na mwenyewe alipita asubuhi akasema hakitaki pale, kihamie upande unaotazama ziwa. Wino ukishakauka kwenye karatasi ya ramani hautoki kwa kifutio. Unaukwangua taratibu, pumzi umeibana. Mkono ukiteleza karatasi inatoboka, na kazi ya siku tatu imekwenda na maji. Kule Mkolani, pembezoni mwa Mwanza, alikopanga, familia tano zilikuwa na choo kimoja, na mlango wake ulikuwa gunia.

"Mama Kija, acha hiyo kwanza," alisema Mhoja.

Mhoja ndiye aliyekuwa msanifu, mwenye ofisi na mwenye muhuri. Kila kilichokuwa chini ya muhuri huo alikichora Dorotea, mwaka wa kumi na moja sasa. Akamwekea fomu mezani. Ilitoka Dar es Salaam kwa watafiti waliokuwa wakikusanya habari za ofisi za usanifu majengo nchini kote: zina kazi kiasi gani, zina watu wangapi, kila mtu analipwa nini.

"Ijaze kwa hizo herufi zako nzuri. Sahihi nimeshatia. Wewe jiandike laki moja na ishirini."

"Laki na ishirini, bosi? Mimi napokea thelathini na nane elfu."

"Kuna wazungu wanataka kujenga hospitali. Wataangalia fomu hiyo kabla ya kutoa zabuni. Hawampi kazi mtu anayelipa wenzake kama vibarua."

"Si unilipe hivyo, basi."

Mhoja alicheka, akaokota funguo za gari. "Tukiipata tutazungumza. Iwahi posta kabla hawajafunga."

Alipoondoka, Dorotea alishika kalamu, akaiweka. Akaenda dirishani, akarudi. Masalu, mumewe, alikuwa amepunguzwa kazi tangu shirika la umma alilolitumikia lilipouzwa, na siku hizi alishinda stendi ya Nyegezi akibeba mizigo ya watu. Mtoto wao Kija alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa ada. Chini kabisa ya fomu paliandikwa kwamba majibu yatasaidia kuinua maslahi ya wafanyakazi wa fani hiyo. Alisoma sentensi hiyo mara tatu. Kumbe kulikuwa na mtu anayetaka kujua! Akaandika: mchora ramani, uzoefu miaka kumi na mmoja, shilingi thelathini na nane elfu. Akalamba bahasha, akatoka karibu anakimbia.

Miezi minne baadaye Mhoja alirudi kutoka Dar bila zabuni. Hakumsalimu. Alirusha nakala ya fomu juu ya meza ya kuchorea.

"Umeniua."

"Niliandika ninachopokea, bosi."

"Na nani alikuuliza unachopokea?"

Dorotea alitazama ile karatasi. Ni kweli aliulizwa, ila hakujua tena na nani. Siku hiyohiyo alikusanya kalamu zake.

Ndipo akaanza kutembea. Alipanda ngazi za ofisi moja hadi nyingine, ada ya Kija ikisubiri, viatu vikilika upande mmoja. Walikokuwa na kazi hawakuwa na nafasi. Walikokuwa na nafasi walikuwa wamempigia Mhoja simu. Mwaka uliofuata kampuni moja ya Dar ikafungua tawi Mwanza, na Dorotea akawa miongoni mwa wa kwanza kufika.

"Shikamoo, mama," alisema kijana msimamizi wa tawi, Suhaib, akisimama kumpa kiti. Alizipitia ramani zake moja moja, bila haraka. "Mkono huu sijauona hata Dar. Ungependa tukulipe kiasi gani?"

"Themanini elfu," alisema Dorotea.

Suhaib alivuta kitabu chembamba chenye jalada la buluu, kipya, akafunua ukurasa alioukunja pembe. Akamgeuzia. Kilikuwa kitabu cha mishahara na biashara ya usanifu majengo, mkoa kwa mkoa. Mwanza, mchora ramani mzoefu: thelathini na nane elfu. Pembeni, kwa maandishi madogo: ofisi zilizojibu, moja.

"Sisi hatujitungii mishahara, mama. Tunafuata utafiti."

"Namba hiyo niliiandika mimi," alisema Dorotea. "Ni mimi peke yangu. Niliandika ili waone ni ndogo."

Suhaib alimtazama, kisha akaitazama namba. Akatabasamu kwa adabu.

"Basi tutakuwa hatujakosea. Ila hiyo ni ya aliyeko kazini. Wewe unaanza kwetu. Tuseme thelathini na mbili. Fikiri, kesho uniambie."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, palikaa mwanamume wa makamo, rula ndefu ya kuchorea ameifunga kwa gazeti. Alinyanyuka alipomwona.

"Dada, hapa wanatoa ngapi?"

Dorotea alifungua mdomo.

"Anayefuata!" Suhaib aliita. Mwanamume akajipangusa vumbi mabegani, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Dorotea alibaki amesimama. Alisikia shikamoo, kiti kikivutwa, mtu akiombwa ataje mwenyewe kiasi anachotaka. Kisha ukurasa wa kitabu ukifunuliwa.