Besi ya Sanduku

“Huyu ni mbu, siyo kaka,” shemeji alisema, akacheka peke yake.

Alikuwa amesimama sebuleni kwangu, kofia kichwani, gunia tupu begani. Mezani, kile kiredio cha kadi cha marehemu mume wangu, kinachoenea mfukoni mwa shati, kilitoa sauti nyembamba kama uzi. Alisema kweli, na ndiyo iliyoniuma. Mume wangu aliimba besi. Akianza ubeti kanisani, benchi lilitetemeka chini yangu. Wimbo ule wa kwenye kiredio alijirekodi mwenyewe kwenye karakana yake ya useremala kabla hajalazwa, na hakurudi tena kuurekebisha.

“Nimefuata sanduku la kazi, shemeji. Vitu vya ukoo vinarudi kwa wanaume. Wazee wamekubali.”

“Wazee gani?”

“Mimi.”

“Njoo Jumamosi,” nikamwambia. “Mungu akipenda.”

Alipoondoka nikafunga mlango, nikakigeuza kiredio. Wavu wa spika ulikuwa umezibwa na vumbi la mbao, limegandamana kama unga uliolowa. Nikalitoa kwa mswaki mkavu, taratibu, kama namfuta yeye uso. Maneno yakasikika. Ile besi ya kifuani bado. Nikakitia ndani ya ndoo, kikapiga kelele za bati. Nikakiweka kwenye sufuria, kikalia puani. Fundi redio wa pale kona akaniambia, “Mama, hicho kakitupe, nikuuzie spika.” Nikamwambia akamtupe mama yake. Nikaomba toba njiani.

Ijumaa nikaanza kutoa vifaa sandukuni. Randa, misumeno, patasi. Haki ya mtu sifichi. Kiredio nilikuwa nimekilaza juu ya kifuniko, spika ikitazama chini, kinaimba chenyewe. Kila nilipotoa kifaa kupitia kimlango alichokichonga marehemu ubavuni mwa sanduku, sauti ilizidi kushuka, ikawa nzito. Nilipotoa nyundo ya mwisho, sanduku likanguruma. Nikaweka kiganja juu ya mbao. Lilikuwa lile benchi la kanisani.

Sikulia. Nilisema amina, nikaenda kupaka vifaa mafuta.

Jumamosi shemeji akavikuta vimepangwa sakafuni, vinang’aa. Akavijaza guniani bila kuniangalia, akalitia gunia begani, kisha akainama kushika vishikio vya sanduku.

“Hilo haliondoki.”

“Shemeji, usinitie aibu. Mjane na sanduku la seremala wapi na wapi?”

Nikabonyeza kitufe cha kiredio, pale juu ya kifuniko.

Besi ikapanda kutoka kwenye mbao, ikamshika mikono kabla ya masikio. Akaviachia vishikio. Akageuka kutazama mlango, kama mtu aliyesikia mwenye nyumba akikohoa nje.

“Waambie wazee wako,” nikasema, “mjane amekataa.”

Hakucheka. Wimbo ukaisha, gunia likamteleza begani likatua chini, na yeye hakuliokota.

“Rudisha mwanzo,” akaniambia, kwa sauti ndogo.

“Vua kofia kwanza.”

Akavua.