Prosesa ya Mtumba

Kompyuta ya Renatha ilikuwa na miaka kumi na minne, na kama ingekuwa mtu ingekuwa imeshaandika barua ya kustaafu. Aliinunua kutoka ofisi moja ya Songea mjini iliyokuwa inafungwa, akaiweka chumba cha mbele nyumbani kwa shangazi yake, mtaa wa Lizaboni, na kwa miaka sita ikamlisha: harusi, kipaimara, misa za shukrani, video zote alizihariri humo. Siku hizi video ya dakika ishirini iliichukua muda wa saa kumi na moja kuitoa ikiwa imekamilika, na mara nyingi ilizimika katikati makusudi, kwa kumkomoa.

Asingehangaika sana, lakini masista fulani wenye shule za awali walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatengenezea masomo ya video, kazi ya mwaka mzima. Walibaki wawili: yeye na studio moja kubwa ya katikati ya mji. Sista Getruda aliwapa wote picha zilezile na siku kumi za kutengeneza somo la mfano, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Kaka yake Jeremia alikuwa ameshamwandikia kutoka Lusewa kwamba vitalu vya tumbaku vinataka mikono, na kwamba umri wa kuchezea kamera mjini umempita. Renatha alikulia kwenye tumbaku. Aliichukia kwa moyo wote, harufu yake na ule utomvu usiotoka vidoleni, na aliona bora lolote kuliko kuirudia. Akiikosa kazi ya masista, hakuwa na pengine pa kushika.

Fundi wake wa kompyuta, Remmy, alimwambia kompyuta mpya asiiote, ila mazabodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, inakubali prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yenye nguvu mara tatu ya iliyomo. Zinapatikana Dar es Salaam, za mtumba. Hela haikutosha, kwa hiyo walifanya wanavyofanya wengi wasio na hela: toa ya zamani, ongezea kidogo. Ya zamani ikapanda basi Ijumaa, na mpya, yaani mpya kwake yeye, ingeshuka Jumatatu asubuhi. Kompyuta ikakaa mezani tumbo wazi, ikisubiri.

Jumatatu hiyo Renatha alikuwa Peramiho akirekodi mazishi, hivyo alimwomba shangazi Aurelia aende stendi kuchukua kifurushi. Shangazi alikwenda kwa furaha. Majirani wote walishajua habari za masista kupitia kinywa chake.

Sasa, shangazi Aurelia alikuwa na sheria moja: kitu cha mtumba hakilali ndani ya nyumba yake bila kuoshwa. Gauni, viatu, sufuria, hata redio aliwahi kuifuta kwa maji ya chumvi. Renatha alizoea kumtania kwamba iko siku ataanika noti kwenye kamba. Sheria hiyo aliijua kama jina lake mwenyewe, na bado hakufungua mdomo kusema, shangazi, hiki usikiguse. Kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Aliporudi aliikuta prosesa imelazwa juu ya kitambaa cheupe, inang'aa. Shangazi alimweleza kwamba ilikuja na uchafu wa kijivu umegandia juu, na chini ilikuwa inakwaruza, imejaa kutu. Macho yake hayakuona vizuri vitu vidogo, lakini vidole vyake aliviamini. Akaisugua kwa sabuni ya kipande na stiliwaya mpaka ikalainika.

Renatha aliigeuza. Chini ya prosesa ile kulikuwa na pini zaidi ya mia tisa, nyembamba mno, na zote zilikuwa zimelala, nyingine huku, nyingine kule, kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Alisema asante, shangazi. Akaifunga kwenye kitambaa kilekile, akaipeleka kwa Remmy.

Remmy alikaa nazo siku mbili, sindano ya kushonea mkono mmoja na wembe mkono wa pili, akizinyanyua mojamoja. Jumatano jioni moja ikakatika, kisha mbili kwa mpigo. Akaipachika hivyohivyo. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Muuzaji wa Dar alipopigiwa simu alisema ya zamani ameshaiuza, na iliyooshwa kwa stiliwaya haipokei. Alhamisi yote Renatha alizunguka mjini kuomba kompyuta, na kila aliyekuwa nayo, yake ilikuwa ya kuchapia barua tu. Yenye nguvu ya kutosha ilikuwa moja tu, ya studio aliyokuwa anashindana nayo. Sista Getruda, alipoombwa siku za ziada, alimjibu kwa upole kwamba siku zilikuwa sawa kwa wote wawili.

Ijumaa saa sita ikapita. Renatha aliondoka kwa Remmy akiwa amejaa maneno makali ya kumwambia shangazi, na njia nzima aliyapanga moja baada ya jingine. Alipofika uani akamkumbuka Suzana.

Suzana alikuwa mtoto wa pekee wa shangazi. Akiwa na miaka minne alivishwa sweta la mtumba siku hiyohiyo liliponunuliwa. Wiki iliyofuata akatokwa na upele mwili mzima, homa ikapanda, wakamzika. Hospitali walisema ni surua. Shangazi alisema ni sweta, na tangu hapo beseni lake halikupumzika.

Kwa hiyo Renatha alimwambia kwamba watu wa Dar wamemtumia mbovu, na kazi imekwenda.

Shangazi alikuwa ameketi barazani.

"Kile kilichokuwa kinakwaruza," aliuliza, "kilikuwa kutu?"

"Kutu, shangazi."

"Renatha."

"Ilikuwa kutu. Si wewe."

Shangazi aliitikia kwa kichwa.

"Hata Suzana mlisema si mimi," alisema.

Akainuka, akaingia ndani. Renatha alimsikia analia kwa sauti ndogo. Akakaa pale barazani, akamwandikia Jeremia kwamba Jumatatu atakuwa Lusewa.