Dima ya Wofa Bediako

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mwanzoni ili lisitusumbue huko mbele: nilimuuzia Mama Nhyira taa bila kumuuliza nyumbani anazo swichi gani. Mtu mwenye diploma ya umeme anatakiwa aulize hilo kabla hata ya salamu. Lakini ilikuwa Jumamosi, duka limejaa watu, na yeye alikuja na balbu ya zamani ameifunga kwenye karatasi ya jikoni kama yai. Akaiweka juu ya kaunta.

"Fundi Ntow, hizi zinatupika. Wageni wakija watadhani tumewakaribisha ndani ya tanuri la mikate."

Wageni wenyewe walikuwa watu wa upande wa mwanaume. Binti yake, Nhyira, alikuwa amepata mchumba huko Accra, na ukoo wa mchumba ulikuwa unajiandaa kuja Koforidua kupiga hodi rasmi, na chupa zao za schnapps, pombe kali ya mila, kama inavyotakiwa. Mama Nhyira alitaka sebule yenye mwanga wa heshima. Nikampa taa za LED za dari nzima, zile zinazoweza kupunguzwa, na alasiri ileile nikaenda kuzifunga mwenyewe.

Mumewe, Wofa Bediako, alikuwa kwenye kiti chake, jirani na ukuta wa swichi. Wofa maana yake mjomba. Mwenye haki ya kumwita hivyo ni Tiwaa, mtoto wa dada yake, lakini mtaa mzima tulifuata. Pale ukutani palikuwa na dima yake, swichi ya kuzungusha ili kushusha na kupandisha mwanga, yenye kichwa cha shaba, aliyorudi nayo kutoka Hamburg alikofanya kazi ujanani. Mtu mwingine haruhusiwi kuigusa, hata kuifuta vumbi.

"Haya," akasema nilipoteremka kwenye ngazi. "Tuione."

Akaizungusha kushusha. Taa hazikushuka. Zilitetemeka, na ukuta ukaanza kuvuma kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Tiwaa alikuwa ndiyo anaingia na sahani ya kelewele, ndizi za kukaanga, na Tiwaa akapungua.

Alipungua taratibu, kuanzia usoni. Ndizi zilibaki zinang'aa kwa mafuta, harufu ya tangawizi ilibaki palepale, sahani ikabaki nyeupe, ila mikono iliyoishika ikawa hafifu kama maandishi ya risiti iliyokaa juani. "Karibu, Fundi," akasema. Sauti nayo ilikuwa imeshuka.

Mama Nhyira alikuwa anatazama dari. "Mbona taa zenyewe hazishuki?"

"Fundi katuletea taa za kichwa ngumu," akasema Wofa. Akazungusha kupandisha, Tiwaa akarudi. Akashusha, Tiwaa akaenda. "Lakini dima yangu nzima. Si unaona? Kitu cha Mjerumani hicho."

Nikawaeleza kama nilivyofundishwa. Dima ya zamani ilitengenezewa balbu zinazokula umeme mwingi. Hizi mpya zinakula kidogo mno, haizisikii, kwa hiyo inatafuta kitu kingine ndani ya nyumba chenye moto wa kutosha, inashika hicho.

"Sasa si ingemshika Wofa?" Mama Nhyira akauliza. "Yeye ndiye kakaa nayo pua kwa pua."

"Wofa hajawaka tangu astaafu, mama."

Wofa akacheka mpaka akakohoa. Tiwaa pia alicheka, ila kwa jinsi alivyokuwa chini hatukumsikia, tuliona mabega tu. Nikaahidi kuagiza dima inayolingana na taa hizi. Nikala kelewele, nikaenda zangu.

Tiwaa aliletwa kwenye nyumba ile akiwa msichana. Mama yake alipokuwa mgonjwa wa kufa alimkabidhi kwa kaka yake, na Wofa akasema mbele ya ukoo: akae kwangu, atusaidie kazi, nitampeleka kujifunza kushona, halafu nitamnunulia cherehani aanze maisha yake. Kushona alijifunza mwenyewe, kwa kuwachungulia mafundi wa sokoni. Cherehani haikuja. Sasa Tiwaa ana mvi upande mmoja wa kichwa. Kila alipoikumbushia, Wofa alikuwa na kawaida ya kuongeza sauti ya redio.

Baada ya taa kufungwa, redio ilipumzika.

Asubuhi Wofa alimpandisha mpaka mwisho, maana palikuwa na fufu ya kutwanga, na mtu hafifu akigeuza fufu kwenye kinu vidole vinapondwa. Lakini akipanda tu, Tiwaa alikuwa anatoka jikoni na unga mikononi, macho makali, anatembea kwa haraka kama aliyechelewa mahali.

"Wofa, shikamoo. Ile cherehani yangu."

"Nimekusikia, binti yangu," Wofa anamjibu, na hapo kidole kimeshafika kwenye shaba.

Nyumba nzima ilikosa utulivu. Ukuta ulivuma, taa zilitetemeka, na Wofa hakuweza kuuacha mkono wake ukae. Alimpandisha atafute miwani, akamshusha akishaipata. Alimpandisha ale, akamshusha kabla hajamaliza, kwa sababu alikuwa ameacha kutafuna na amefungua mdomo. Tiwaa naye alijifunza kuwahi. Alianza kusema "cherehani" tangu koridoni, ili neno liwe limeshatoka kabla hajafika sebuleni.

"Baba Nhyira, acha kumchezea mtoto wa watu," Mama Nhyira alimwambia siku moja mbele yangu. "Utakilegeza hicho kichwa cha dima, halafu tufanyeje?"

Nilikuwa nimepita kuwaambia mzigo wangu umekwama bandarini Tema. Siku hiyo umeme ulikatika tukiwa tunazungumza. Ukuta ukanyamaza, lakini Tiwaa hakurudi wala hakuzimika. Alibaki palepale dima ilipokuwa imemwacha, anaokota vikombe. Hilo nililiweka akilini, kama fundi.

Siku ya hodi nilialikwa nikae karibu na mlango, eti taa zikianza kutetemeka mbele ya wakwe awepo mtu wa kulaumiwa. Watu wa Accra walijaa makochi yote. Chupa zikawekwa mezani, msemaji wao akaeleza kwamba wamepita njia wakaona ua zuri kwenye bustani ya watu, na mambo yakaenda yanavyokwenda. Kisha Nhyira akaitwa.

Alikuwa amevaa kaba ya bluu, blauzi ya sherehe, iliyomkaa vizuri mpaka wazee wakaacha kukohoa. Shangazi wa mchumba, Auntie Dufie, mama mpana mwenye miwani ya mnyororo, akamvuta karibu. Hakutazama nguo kwa nje. Alishika pindo, akaligeuza ndani nje.

"Hii imeshonwa kwa mkono," akasema. "Yote! Hebu oneni huu mshono. Nani kashona?"

Tiwaa alikuwa amesimama karibu na meza ya vinywaji, na trei ya soda.

"Ni mimi, Auntie."

Sauti ilifika mpaka kwenye chupa za schnapps, ikaishia hapo. Auntie Dufie alinyoosha mkono, akachukua soda, akaishukuru trei.

"Ni fundi wetu mmoja," akasema Wofa.

"Ana foleni?"

"Kwangu hawezi kukataa."

"Basi nguo za harusi, za bibi harusi na wasichana wake wote, nampa yeye. Sitaki mwingine. Namtaka mwenye mkono huu."

"Umempata," akasema Wofa. Mkono wake wa pili ulikuwa ukutani.

Mimi nilikuwa naona kila kitu. Nilikuwa na sahani ya wali wa jollof mapajani, na paja la kuku, na nilivimaliza vyote.

Dima mpya ilifika wiki ile. Nilipokwenda kuifunga nilimkuta Tiwaa amekaa sakafuni jikoni, kazungukwa na majora ya kitambaa cheupe. Kitambaa kilionekana vizuri sana. Sindano pia ilionekana, inapanda na kushuka. Dima ya zamani ilikuwa bado inavuma ukutani, imeshushwa karibu na mwisho.

"Wofa, ipandishe kwanza," nikasema. "Nikiikata ikiwa chini, na yeye atabaki chini."

Wofa akatazama jikoni. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepima chumvi.

"Ikate hapohapo, Fundi. Hapo anashona, na mimi nasikia taarifa yangu ya habari."

Nikazima swichi kubwa. Nikaikata.

Ile mpya ilifanya kazi kama inavyoandikwa kwenye boksi. Taa zilishuka polepole, bila kutetemeka, mpaka sebule ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kisha zikapanda. Hakuna mvumo tena. Mama Nhyira alipiga makofi, akasema laiti wakwe wangeona hii. Wofa alizungusha kama mtoto aliyepewa gari, juu, chini, juu, na hakuna kilichopungua zaidi ya mwanga. Ile ya zamani niliitia kwenye begi langu. Shaba ilikuwa bado ya moto.

Nilipogeuka nitoke, Tiwaa alikuwa amesimama kati yangu na mlango, na kipande cheupe begani. Ilibidi nimtafute kidogo kwa macho. Alisema polepole, kwa kiwango chake kile, lakini kwa kuwa ukuta ulikuwa umenyamaza wote watatu tulimsikia vizuri.

"Fundi, hiyo ya zamani usiitupe. Nifungie chumbani kwangu, pale karibu na kitanda."

Wofa akashusha taa kidogo, akazipandisha. Mama Nhyira akasema sasa hii ndiyo sebule. Mimi nilikuwa nahangaika na zipu ya begi, zipu ambayo haina shida yoyote.

"Pale unapofika mkono wangu tu," akasema Tiwaa. "Nakuomba, Fundi."